Kitabu Nilichoahidi Kukisifu Redioni

Mimi husema kabla ya kufikiri. Marehemu mume wangu alikuwa akinicheka kwa hilo, wanafunzi wangu wanalijua, na mwalimu mkuu analijua kuliko wote. Kwa hiyo siku binti mmoja, mwanafunzi wangu wa zamani, aliponiletea kitabu chake, kikiwa bado kinanuka wino, nilimkumbatia pale pale mlangoni nikamwambia, "Jumamosi nakisema redioni. Arua nzima itakisikia." Nilikuwa sijafungua hata ukurasa mmoja.

Nafundisha Kiswahili katika sekondari moja hapa Arua, na kila Jumamosi alasiri nina nusu saa yangu redioni ya kupendekeza kitabu. Kipindi ni cha Kiswahili kwa sababu ndicho kinachotukutanisha: Walugbara, Wakakwa, sisi Wanubi, madereva wa malori na jamaa zetu walio ng'ambo ya mpaka, Kongo. Vitabu vyenyewe hutoka mbali. Miaka nenda miaka rudi nimesifu miji ambayo mimi mwenyewe sijawahi kuitia mguu, nikawaambia wasikilizaji wavute picha ya bandari na magorofa. Nilikuwa nikingoja riwaya ya mji wetu huu, na sasa imekuja, ya kwanza ya mwandishi wake, na mwandishi mwenyewe nimemfundisha mimi miaka minne. Ungekuwa wewe ungenyamaza?

Jina la kitabu sitaliandika hapa, wala la binti. Wa Arua wanakijua, na wa mbali watanisamehe.

Nilianza kukisoma jioni ile ile uani kwangu, Awindiri, na kwa sura sita nilikuwa mtu wa raha tupu. Binti anaujua mji. Anajua kwamba vumbi letu hukaa kwenye nyusi kabla ya kukaa kwenye nguo. Anawajua wanawake wa Manibe wanaoingia alfajiri na mihogo kichwani, wasivyosemeshana mpaka wa kwanza auze, halafu midomo yote ikafunguka kwa pamoja. Anawajua vijana wa bodaboda wanavyokuita "mama" wakikutaka upande na "madamu" wakishaona una haraka. Mhusika wake mkuu ni mwanamke anayeuza viatu vya mtumba sokoni, kalelewa na wakulima, na hajui alizaliwa na nani. Nilicheka peke yangu hadi jirani akachungulia ukutani kuuliza kulikoni.

Kisha nikafika sura ya saba, na sura ya saba ikanikata maini.

Humo anaeleza wakati wa kukimbia, ule ambao sisi wa West Nile hatuna haja ya kuutajia mwaka, serikali ilipopinduliwa, majeshi yakabadilika na kila mwenye jina kama letu akawa wa kusakwa. Kundi la watu limejificha katika shamba la mtama huko Kuluba, mchana wa jua kali, linangoja njia ya kuvukia mpaka. Barabarani kuna askari. Msichana wa miaka tisa amebeba mdogo wake mchanga mgongoni, na mtoto analia. Watu wanamnong'oneza msichana, mzibe mdomo, mzibe, tutakufa sote. Msichana anamvutia mtoto begani na kumziba kwa kiganja. Mama yao anakuja anatambaa, anamfungua mtoto mgongoni, anapotea naye kwenye mtama. Huko anamkabidhi kwa mke wa mkulima aliyemwona akinyonyesha, mtu ambaye hakuna aliyemsaka. Anarudi mikono mitupu na kuwaambia wote: amekufa, nimemzika. Na tangu hapo, mwandishi anasema, kila mwaka familia ile hupika karama ya mtoto yule, sadaka ya kumwombea marehemu, watu husoma Yasini, watoto wa mtaa wote huitwa kula. Dada mtu ndiye anayepika kila kitu kwa mikono yake, lakini hajawahi kuonja.

Nilikifunga kitabu nikakikalia. Nilikikalia kwelikweli, kama vile mtu angeweza kukiona.

Maana mama yule si wa kubuniwa. Ni mama mkubwa wangu, dada wa mama yangu aliyenizaa, yuko Koboko mpaka leo. Msichana wa miaka tisa ni binti yake, ambaye mimi namwita dada, na sasa ana mvi. Karama ile nimeila tangu nilipoota meno. Na aliyemhadithia mwandishi ni mimi.

Niliyajuaje? Miaka kumi na moja iliyopita mama mkubwa alilazwa hapa Arua, na mimi ndiye niliyekuwa nikilala chini ya kitanda chake. Siku moja mchana alinivuta mkono akasema kwa Kiswahili chake cha kambini, alichokirithi kwa baba yake askari, "Ule mutoto hapana kufa. Mimi napatia mama mumoja." Nilidhani ni homa. Akasimulia yote, hatua kwa hatua, mpaka miezi michache baadaye aliporudi kinyemela kumtafuta, akakuta nyumba ya mkulima imechomwa na watu hawapo. Nilimwuliza kwa nini hakusema ukweli pale pale mtamani. Akaniambia binti yake angejua mdogo wake yu hai, angegeuka mbio kumfuata, na yeye asingekuwa na nguvu ya kumkimbilia. Walipofika Kongo, mume wake aliamuru karama ya arobaini. Ilishasomwa mara moja, na mwaka uliofuata tena, naye hakujua aanzie wapi kuwaambia watu kwamba wanamwombea kama maiti mtoto anayenyonya. Akanilisha kiapo kwamba sitamwambia dada. Nikaapa.

Dada ndiye shida. Mama mkubwa na mimi tulikuwa tunajua, au tulidhani tunajua, dada anabeba nini moyoni. Anaamini alimwua mdogo wake kwa kiganja chake. Hajawahi kulisema, na hakuna aliyewahi kumwuliza, lakini mambo yanaonekana. Hambebi mtoto wa mtu mgongoni; ukimpa, anamshika kidogo mbele na kukurudishia. Aliolewa akarudi, hakuzaa, akakaa kumtunza mama yake. Na siku ya karama anasonga, anapakua, anawanawisha watoto mikono, halafu anakwenda kukaa peke yake nyuma ya jiko mpaka vyombo vitupu virudi. Neno moja tu lingemfungua mtu huyo, na mimi nilikuwa nalo miaka kumi na moja, na kila mwaka nilinyoosha mkono kwenye sinia nikala.

Halafu lile neno nikampa mtu baki. Binti alikuja kwangu miaka minne iliyopita na daftari, anatafuta habari za wakati wa kukimbia, na mimi nikasema "kuna mama mmoja namfahamu." Sikutaja mtu. Lakini aliposikiliza vile, macho yamemtoka na kalamu imesimama, nilinogewa. Ya karama nilimwongezea mwenyewe, ya dada asiyeonja pia, kwa sababu niliona yanamgusa. Mwalimu mzima. Hata kumwomba asiyatie kitabuni sikumwomba.

Jumatano sikulala vizuri na Alhamisi sikufundisha vizuri. Nilikuwa nikigeuka ubaoni naona midomo ya mama mkubwa. Nyumbani kwao Koboko redio haizimwi, na Jumamosi wanaisogeza karibu na mlango, majirani wanakuja, "leo mwalimu wetu anaongea." Kukisifu kitabu kile ilikuwa ni kumtuma dada akakisome. Na dada husoma. Alifika darasa la sita tulipokuwa Kongo, anasoma taratibu, kidole kwenye mstari, lakini kila ninachokisifu anakitafuta, hata akikipata mwaka wa pili yake. Na kutokisifu je? Binti wa watu kakaa miaka minne anaandika, tangazo limeshapita redioni mara sita na jina langu juu yake. Nilifikiria kuugua. Niliufikiria ugonjwa mmoja mmoja, na kila mmoja niliona mtangazaji angekuja kunitazama na mikrofoni yake.

Basi Alhamisi mchana nilichukua gari la Koboko. Nilipiga moyo konde njia nzima: nitamwambia mama mkubwa, na leo leo atamwambia binti yake, kabla kitabu hakijasema.

Nilimkuta barazani anasuka kawa, ule mfuniko wa ukili wa rangi ambao kwetu hakuna sinia linalotoka bila huo. Macho yake yameshapungua, rangi anazichagua kwa kuuliza. Dada alikuwa sokoni kwenye meza yake ya unga wa muhogo na samaki wakavu. Nilipomaliza kueleza, mama mkubwa hakunitukana. Ningefurahi angenitukana. Aliinuka akaniingiza ndani, akasema, "Funga mulango," mchana ule, na joto lile, nikaufunga, tukakaa gizani wawili.

"Nani nasikia?" akauliza.

"Hakuna, mama."

"Hiyo kitabu iko wapi?"

Nikampa. Hajui kusoma. Alikipapasa jalada, akakifungua katikati, akakinusa, akakiweka chini ya mto. Kisha akaukalia mto wenyewe, nami nikashangaa, maana mama yule nimemwona akisimama mbele ya watu wenye bunduki kwenye kizuizi cha barabara na kuwaambia wamwondolee mwanga wa tochi machoni. Sikujua kama anaweza kuogopa mtu, sembuse binti yake mwenyewe.

"Mwambie leo," nikasema. "Mama, tafadhali. Mwambie wewe, atakusamehe. Akikisoma humu hatatusamehe."

"Yeye nafua nguo yangu," akasema. "Yeye naogesha mimi. Usiku nikiita, yeye nakuja. Akijua, nani nabaki na mimi?"

"Mimi nipo."

Alinitazama kwa macho yale mabovu. "Wewe hapana jua kukaa na siri siku moja," akasema. "Sema ya muji. Ya mutoto hapana sema. Ngoja nikufe kwanza, halafu wewe semea yeye yote."

Nikasema ndiyo. Naona aibu kuandika hili, lakini nilisema ndiyo haraka, na nikaondoka kabla dada hajarudi sokoni, kwa sababu sikutaka kumtazama usoni.

Nikiwa naelekea stendi nilipita duka la vifaa vya shule ambalo binti aliniambia amepeleka nakala zake. Hapo nikafanya jambo la kitoto. Niliingia nikasema navitaka vyote. Muuzaji akafurahi, akanifungia vinne.

"Si vilikuwa vitano?"

"Kimoja kimekwenda asubuhi."

"Kakichukua nani?"

"Mwanamke mmoja."

"Mwanamke wa namna gani, bwana? Mrefu, mfupi, mnene?"

Akawaza. "Wa kawaida. Kajifunga mtandio."

Koboko nzima mwanamke yupi hajifungi mtandio? Nilitoka na vitabu vinne kifuani mithili ya mwizi wa kuku, nikakaa kwenye gari dirishani, na kila mtandio uliopita barabarani niliugeukia. Mvua ilianza tulipokaribia Arua na sikukumbuka hata kufunga kioo.

Ijumaa dada alinipigia simu mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa darasani, hiyo nina udhuru. Mara ya pili nilikuwa nimekaa nayo mkononi naitazama inalia. Mara ya tatu niliiweka ndani ya sufuria nikaifunika, na bado ikawa inanguruma kwenye bati. Baadaye ukaingia ujumbe: "Kesho tutakusikiliza." Nilirudia kuusoma mpaka nikajua mahali pa nukta. Dada huandika "inshallah" hata akiomba chumvi, na humo haikuwemo.

Ndipo nikakimaliza kitabu, kwa hofu zaidi kuliko hamu, kujua binti kamfanyia nini yule dada mtu. Hakumfanyia kitu. Sura ya saba ikipita, yule dada anatajwa mara mbili, mara zote yuko jikoni. Mwandishi anamfuata mtoto aliyeachwa mpaka Arua, mpaka sokoni, mpaka anapenda na kupendwa, na mwishoni anaharakisha, kama mpishi aliyeona wageni wameshafika. Yule aliyembeba mgongoni anabaki bila kuambiwa. Nilimkasirikia binti sana, nikatamani kumpigia nimkaripie kama zamani: umemwachaje mtu katikati? Halafu nikakumbuka nani mwingine amemwacha katikati, nikaenda kulala.

Jumamosi studioni mtangazaji alinikaribisha kwa maneno mengi matamu kama kawaida yake. Yeye ni kijana mzuri, tatizo lake ni kuogopa kimya. Ukinyamaza kidogo tu anakujazia. Nilisema ya mji. Nilisema vizuri, sijisifu. Nilieleza vumbi, mihogo ya Manibe, vijana wa bodaboda, nikasoma kipande kile cha mchuuzi wa viatu anayejua mteja kwa kutazama kisigino, na mtangazaji akacheka kicheko cha kweli. Nikasema mwisho una haraka lakini ni kitabu cha kwanza, tumpe nafasi, na mtu wa Arua akikisoma atajiona ana mji unaostahili kitabu. Yote hayo nayaamini mpaka sasa. Kisha, kwa sababu ya woga, nikaongeza jambo ambalo hakuna aliyeniuliza. Nikasema, "Na wasikilizaji, watu wote wa humo wamebuniwa. Mtu asijitafute."

Zikabaki dakika za simu. Wa kwanza aliuliza kitabu kinauzwa wapi. Wa pili akasema, "Asalaam alaykum," na mimi nikajua kabla hajamaliza. 

"Wa alaykum salaam, unatoka wapi mama?" mtangazaji akamwuliza.

"Niko Koboko. Nina swali kwa mwalimu." Sauti yake ilikuwa tulivu, ya mtu anayeuliza kuhusu unga. "Mimi nimekisoma hicho kitabu. Mle ndani kuna mama anampa mkulima mtoto wake. Mtoto akiwa hai. Nataka kujua hapo tu. Mwandishi alitunga, au ni kitu kilichotokea?"

Jibu la swali hilo nalijua, naliuliza kwenye mitihani. Riwaya ni tungo, msikilizaji, asante kwa swali lako zuri. Lilikuwa pale pale mdomoni. Nilimfikiria mama mkubwa kando ya redio, na majirani barazani, na kiapo, na ndiyo yangu ya Alhamisi. Nilimwona mtangazaji anavuta pumzi ili anijazie. Nikajua akisema yeye, atasema "kwa kweli waandishi ni watu wenye ubunifu," na dada atashukuru, atakata, na itakuwa imekwisha, tutarudi kula karama. 

"Kilitokea," nikasema. "Hapo mwandishi hakutunga."

Upande wa pili nikasikia mtu anapumua. Mtangazaji akasema haloo, haloo, akasema laini ya Koboko leo ina matatizo, akaweka muziki.

Sikumbuki nilivyotoka mle. Nakumbuka binti alinipigia kunishukuru, analia kwa furaha, nikamwambia hongera mwanangu nikakata. Njiani kwenda Koboko niliogopa kwa namna ambayo sijawahi. Si kuogopa kusemwa, kusemwa nimezoea. Niliogopa nitamkuta mama mkubwa peke yake ndani ya nyumba, anaita na hakuna anayekuja. Niliogopa pia, astaghfirullah, nitamkuta dada amejidhuru.

Nilifika Magharibi inaingia. Majirani hawakuwepo barazani. Redio ilikuwa imezimwa. Dada alikuwa amekaa kwenye mkeka, mama yake kwenye kitanda cha kamba, wametazamana, na kitabu kiko sakafuni kati yao. Hakuna aliyeniambia karibu. Nikakaa mlangoni.

"Kwa nini hukuniuliza mimi, dada?" nikasema. Nilikuwa na la kusema lingine lakini hilo ndilo lililotoka. "Kwa nini redioni?"

"Nimekupigia mara tatu, hukushika. Nikaona nyumbani mtanificha tena," akasema. "Kule ulikuwa na watu wanakusikiliza."

"Nisamehe. Nimejua miaka kumi na moja. Nilijua unajilaumu, nikanyamaza."

Akageuka kunitazama. "Ninajilaumu nini?"

Nilimtazama mama mkubwa.  "Ule mkono," nikasema. "Kwamba ulimziba akafa."

"Mimi?" Dada alikaribia kucheka. "Mimi sikumziba, mdogo wangu. Niliweka mkono, nikaacha vidole wazi. Alikuwa amelala. Mama alipokuja kumfungua, alikuwa ananipumulia hapa." Akagusa nyuma ya shingo yake. "Nilisikia joto. Nikamwambia mama, anapumua. Mama akaniambia nyamaza."

Mama mkubwa alikuwa ametulia, kichwa upande, kama anavyofanya akitaka kusikia vizuri.

"Akaenda naye, akarudi," dada akasema. "Mikono yake ilikuwa na udongo mpaka hapa. Akasema nimemzika."

Nilielewa hapo. Nilielewa na nikatamani nisingeelewa, nikaanza kusema dada, dada, lakini yeye alikuwa anaongea na mama yake, si mimi.

"Nikajua umemzika anapumua."

 Nje mtu alikuwa anaswaga mbuzi, nikawasikia wakipita wote hadi wa mwisho. Mama mkubwa alinyoosha mikono yake miwili mbele, akaitazama, ingawa najua hawezi kuiona.

"Ile udongo mimi napaka," akasema. "Mimi nachimba chini na mukono, napaka, watu waamini. Wakijua mutoto iko hai pale, mutu moja atasema kwa askari." Akamgeukia dada. "Na wewe unaona hivyo? Siku yote hiyo?"

"Siku zote."

"Na wewe napikia mimi. Wewe naogesha mimi."

"Wewe ni mama yangu," dada akasema. "Ningefanya nini?"